Mboga ya friza si ya daraja la pili

Watu wengi wa mijini wakiona pakiti ya njegere zilizoganda dukani huipita. Wanaamini zile za sokoni, zilizomwagwa juu ya kiroba na kunyunyiziwa maji, ndizo zenye uhai, na za friza ni chakula cha mtu asiye na muda wa kupika. Imani hiyo inatugharimu. Inatufanya tulipe bei kubwa kwa mboga iliyokwisha kuchoka, na inatufanya tuyaache maembe yaoze mwezi wa Desemba kisha tununue juisi ya boksi mwezi wa Mei.

Tuifuate njegere yenyewe. Inachumwa Lushoto, inakusanywa mpaka mzigo utimie, inapakiwa kwenye gari la usiku, inashushwa Dar es Salaam alfajiri. Hapo mwenye genge ananunua sehemu yake, anaimenya, anaiweka barazani, na aliyeinunua jioni anaipika kesho yake. Siku mbili ni kwa bahati, tatu au nne ni kawaida, na katika siku zote hizo hakuna hata saa moja ambayo njegere ilikaa kwenye baridi. Nayo tangu inachumwa inaendelea kupumua: sukari inageuka wanga, vitamini C inapungua, ngozi inakuwa ngumu. Ndiyo maana njegere nyingi za genge zina ladha ya unga hata ukizichemsha nusu saa. Mashariki ya Uingereza, ambako njegere za kugandisha hulimwa kwa wingi, shabaha ya wenye viwanda ni dakika 150 kutoka shambani hadi kuganda. Hawafanyi haraka kwa kupenda. Wanajua saa chache tu zinatosha kuipotezea njegere utamu wake.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilinganisha mazao 8, yakiwemo njegere, karoti, spinachi, brokoli, mahindi na maharage mabichi. Sehemu moja ilikaa kwenye friji na nyingine iligandishwa. Kwa vitamini C, zilizogandishwa zilikuwa sawa na zile za friji au zilizipita. Upande wa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, matokeo hayakuwa mazuri hivyo, kwani katika mazao kama karoti na njegere ilipungua kwenye zilizogandishwa. Kwa hiyo anayesema kugandisha hakupotezi kitu anazidisha. Lakini kumbuka kwamba mboga za upande wa pili wa ulinganisho huo zilikaa kwenye friji. Mchicha wetu hukaa juani. Majani mabichi ndiyo yanayopoteza haraka kuliko mboga zote, na joto la nyuzi 30 halihurumii.

Swali la kumuuliza anayekuuzia mboga, basi, ni hili: imechumwa lini, na tangu hapo imekaa katika joto gani? Mwenye shamba la mchicha nyuma ya nyumba, anayechuma saa kumi na kupika saa kumi na moja, hana haja ya friza kwa ajili ya mchicha. Makala haya yanamhusu yule anayeishi mbali na shamba, yaani wengi wetu.

Sasa, friza inaokoa pale tu inapotumiwa kwa kuelewa inachofanya. Maji yaliyo ndani ya tunda au jani yanapoganda huwa fuwele za barafu. Yakiganda haraka, fuwele ni ndogo na kuta za seli zinabaki. Yakiganda polepole, fuwele zinakua kubwa, zinatoboa kuta hizo, na siku ya kuyeyusha maji yote yanachuruzika na kukuachia kitu kilicholegea. Hatari kubwa ni kati ya nyuzi sifuri na nyuzi 5 chini ya sifuri, kwa sababu sehemu kubwa ya maji hugandia hapo. Viwanda vinapitisha hewa ya nyuzi 30 hadi 40 chini ya sifuri katikati ya punje zinazorukaruka kwenye mkanda, kila punje inaganda peke yake kwa dakika chache. Nyumbani hatuna mashine hiyo, lakini tunaweza kuikaribia.

Kwanza angalia nyota. Mlango au ubavu wa friji nyingi una alama za nyota kwa ajili ya chumba cha barafu. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18. Nyota nne maana yake chumba kina nguvu ya kugandisha chakula kibichi, si kutunza kilichokwisha kuganda tu. Friji ndogo ya mlango mmoja yenye kisanduku cha barafu juu mara nyingi ni ya nyota moja au mbili. Hiyo itunzie pakiti ya dukani kwa wiki moja, au mwezi ikiwa ya nyota mbili, basi. Mtu anayejaza kilo tano za maembe kwenye kisanduku hicho halafu akalalamika kwamba kugandisha kunaharibu matunda, ameonewa na kifaa. Kugandisha kwa maana halisi kunataka friza ya kulala, au friji ya milango miwili yenye nyota nne, inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri na kubaki hapo.

Pili, usiijaze kwa mkupuo. Kipimo salama ni kilo 1 hadi 1.5 ya chakula kibichi kwa kila lita 28 za nafasi katika saa 24. Friza ya lita 200 inabeba kilo 7 hadi 10 mpya kwa siku, ile ya lita 100 nusu yake. Ukitupia kilo 25 siku moja kwa sababu umerudi na gunia, joto la ndani linapanda, motori haipumziki, mzigo mzima unaganda polepole, na vile vilivyokuwa vimeganda tangu mwezi uliopita vinaanza kulegea. Gunia zima ligawe kwa siku tatu, au gawana na jirani.

Jambo la tatu ndilo linaloharibu mboga nyingi kuliko mengine yote, na ndilo wengi wanaloruka: kuichovya mboga kwenye maji yanayochemka kabla ya kuigandisha. Baridi haiui vimeng'enya, yaani kemikali za asili zilizomo ndani ya jani na zinazolichakaza, inavipunguza kasi tu. Vinaendelea kufanya kazi humo gizani. Baada ya wiki chache sukuma wiki iliyowekwa mbichi inanuka majani makavu, rangi inafifia kuelekea kahawia, na ladha inakuwa chungu. Dakika mbili za maji ya moto zinavikomesha, zinapunguza vijidudu vya juu, na zinalilainisha jani likae kwenye nafasi ndogo.

Tuchukue mchicha, kwa kuwa ndio tunaoununua kila siku. Uchambue uondoe mizizi, uoshe kwenye maji matatu mpaka mchanga uishe chini ya beseni. Chemsha maji lita 4 kwa kila nusu kilo ya majani, kwenye sufuria kubwa yenye mfuniko. Uwiano huo si wa mapambo. Ukitia mchicha, maji yanatakiwa yarudi kuchemka ndani ya dakika moja. Yakichelewa, umeweka mwingi mno, na mchicha unapikika ukisubiri. Yakianza kuchemka tena, hesabu dakika 2, kisha utoe wote kwa mara moja kwa chujio. Hapohapo uzamishe kwenye beseni la maji ya barafu, barafu kilo moja kwa kila kilo ya mboga. Barafu hiyo uiandae jana yake, kwa kugandisha maji kwenye vikopo. Uache dakika 2 humo pia, usizidishe, kwa maana vitamini zinaingia majini. Baada ya hapo ukamue kwa mikono miwili mpaka uache kutiririka, ufanye madonge ya ukubwa wa ngumi, uyapange kwenye sinia, uyagandishe, halafu uyahamishie kwenye kopo. Donge moja au mawili ni kitoweo cha jioni kwa watu wanne ukiweka nazi.

Anayekaa Mbeya, Iringa au Nairobi aongeze dakika moja kwenye muda wowote wa kuchovya, kwa sababu juu ya mita 1,500 maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hilo halisemwi mara nyingi na linafanya tofauti. Mboga iliyochovywa pungufu inaharibika upesi kuliko ambayo haikuchovywa kabisa, maana umevichangamsha vimeng'enya bila kuvimaliza.

Muda wa mboga nyingine, kwa ukanda wa pwani: njegere dakika moja na nusu. Karoti zilizokatwa vipande, dakika 2. Majani ya maboga na spinachi 2, sukuma wiki 2 hadi 3 kulingana na ukomavu. Maharage mabichi ya kijani 3, na koliflawa na brokoli zilizochambuliwa 3. Bamia ndogo 3, kubwa 4, na zikatwe kikonyo bila kutoboa tumbo, vinginevyo utelezi wote unabaki kwenye maji. Bilinganya dakika 4, na kwenye maji hayo weka nusu kikombe cha maji ya ndimu kwa kila lita 4, la sivyo zitakuwa nyeusi. Mahindi mabichi ya kupukuchua yachovye yakiwa bado kwenye gunzi kwa dakika 4, yapoe, ndipo uyakate kwa kisu.

Pilipili hoho, pilipili na vitunguu havihitaji kuchovywa. Kata, tandaza, gandisha. Hoho za kukata mapema ni neema kwa mtu anayepika baada ya kazi.

Nyanya ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo rahisi. Wakati wa mavuno Ilula, bei ya tenga huporomoka mpaka wakulima wengine wanaona afadhali ziozee shambani kuliko kulipa vibarua wa kuchuma. Miezi michache baadaye, mvua zikiharibu maua, sado ile ile inauzwa mara kadhaa ya bei hiyo. Nunua zikiwa chini. Zioshe, zikaushe, ondoa kikonyo, zigandishe nzima. Siku ya kupika ipitishe nyanya chini ya maji ya bomba, na ganda linavuka lenyewe. Kwa kachumbari usithubutu, maana imelegea, lakini kwa mchuzi haina tofauti na mbichi iliyoiva. Mwenye nafasi ndogo azichemshe kwanza bila mafuta mpaka zipungue nusu, azisage, azigandishe kwenye vikopo vya mchuzi mmoja mmoja. Chumvi na kitunguu saumu aviweke siku ya kupika, kwa kuwa saumu ikikaa kwenye baridi miezi mingi huwa kali na chungu.

Kwa matunda hali ni tofauti: hatuyachovyi kwenye maji ya moto, tunapambana na weusi na ulaini. Embe lenye nyama nene na nyuzi chache, kama bolibo, menya, kata vipande vya sentimita mbili, vitandaze kwenye sinia visigusane, viache mpaka viwe vigumu, kisha vijaze kwenye kopo. Hatua ya sinia ndiyo inayokuwezesha kuchota kikombe kimoja baadaye badala ya kupambana na jiwe la kilo mbili kwa kisu. Embe lenye nyuzi nyingi lisage, lichuje, ligandishe rojo. Chagua lililoiva barabara siku hiyo, na kagua kila moja. Inzi wa matunda, yule aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea haraka barani, huacha tundu dogo tu juu na funza ndani, na friza haitayaondoa maji yaliyochacha kuzunguka tundu hilo.

Ndizi mbivu menya kabla ya kugandisha. Ikigandia ndani ya ganda, utamenya kwa vidole vilivyokufa ganzi na nusu ya nyama itabaki kwenye ganda. Parachichi halifai kugandishwa vipande kwa mtu wa nyumbani. Liponde, na kwa kila maparachichi mawili tia kijiko kimoja kikubwa cha maji ya ndimu, kisha libane kwenye kopo bila kuacha hewa juu. Pasheni pakua na mbegu zake. Ukwaju kamua mzito. Tui la nazi linakubali kuganda, ila likiyeyuka linajitenga, na kulikoroga juu ya moto mdogo kunalirudisha. Nanasi na papai vinaganda vizuri sana, lakini vyote viwili vina vimeng'enya vinavyokula protini na baridi haiviondoi. Ukisaga nanasi la friza na maziwa ukaliacha nusu saa, litakuwa chungu. Lisage na unywe papo hapo.

Matango, letusi, figili na kabichi ya kachumbari viache. Viazi vibichi navyo viache, vitakuwa vyeusi na majimaji. Vikaange nusu kwanza, ndipo vigande.

Kisamvu kinataka maelezo yake. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi iliyofungwa ndani ya jani, na kutwanga ndiko kunakoifungua ili mvuke wa sufuria uitoe. Basi kitwange kwanza, kichemshe mfuniko ukiwa wazi, na kigande kikiwa kimeshachemka. Wakongo walioko Brussels, Paris au Montreal wanaishi kwa sombe ya friza, ndiyo kisamvu kwao, kwa sababu si rahisi kulipata jani bichi huko. Pakiti hizo mara nyingi zina majani yaliyotwangwa tu. Yapikwe kama ya nyumbani, kwa muda mrefu na sufuria wazi, hata kama yanaonekana laini tangu yanapoyeyuka.

Vyombo. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, hivyo rojo au mchuzi uachie nafasi ya vidole viwili juu, na chupa ya kioo usiijaribu. Hewa nayo ni adui wa upande mwingine: barafu iliyo juu ya chakula inageuka mvuke bila kupitia maji, chakula kinakauka na kuwa na mabaka meupe yenye ladha ya karatasi. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia Agosti 2017. Vile vifungashio vyembamba vinavyoangaza ambavyo watu huvigeuza mifuko ya friza vinapitisha hewa na kupasuka kwenye pembe. Kopo la aiskrimu lenye mfuniko unaobana, au mfuko mzito wa zipu uliokamuliwa hewa yote, ndivyo vya kazi hiyo. Andika jina na tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Mboga na matunda mengi yanakaa miezi 8 hadi 12 katika nyuzi 18 chini ya sifuri bila kupoteza ubora. Hayageuki sumu baada ya hapo, yanapoteza ladha.

Tufike kwenye Luku, yaani umeme wa Tanzania wa kulipia kabla, kwa sababu hapo ndipo hesabu za wengi zinapoanguka. Friza ya lita 200 iliyo nzima, mpira wa mlango ukibana, inakula takriban uniti moja kwa siku, zaidi kidogo ikikaa jikoni karibu na jiko. Tuseme uniti 30 kwa mwezi. Kwa mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, bei ni shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo inazidi kidogo 350. Hapo friza inakugharimu zaidi kidogo ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Ila kwa kaya iliyo kwenye D1, kundi la matumizi madogo, inayolipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75, friza inaweza kuwa mtego. Kama mlikuwa mnatumia 55, sasa ni 85, na kila uniti inayozidi 75 inalipiwa shilingi 350. Mkizidisha miezi mfululizo mnaweza kuhamishwa kundi, na hapo hata taa na pasi vinapanda bei. Kaya kama hiyo afadhali ichangie friza moja na majirani wawili kuliko kila mmoja kuwa na yake nusu tupu.

Friza inajilipa ikijazwa na vitu vinavyopanda na kushuka bei sana: nyanya, hoho, njegere, maembe, pasheni, ukwaju. Haijilipi kwa kabichi, ambayo ipo mwaka mzima na bei yake haichezi sana. Wala haijilipi ikiwa kazi yake ni kugandisha maji ya kunywa.

Kuhusu umeme kukatika, hofu ni kubwa kuliko hatari yenyewe, mradi usifungue mlango. Friza iliyojaa inabaki imeganda kwa karibu saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu ijaze kwa chupa za maji, zitatunza baridi. Na kuna kipimo rahisi kwa mtu anayesafiri: gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, rudisha kikombe ndani. Ukirudi safari ukakuta sarafu bado iko juu, umeme haukukatika kwa muda wa kudhuru. Ukiikuta katikati au chini ya barafu, vitu viliyeyuka vikaganda tena wakati hupo. Chakula ambacho bado kina chembe za barafu kinaweza kurudishwa kuganda, kikipoteza ubora kidogo tu. Mboga zilizokaa bila baridi yoyote kwa zaidi ya saa 6 zitupwe, na tunda linalonuka chachu lisijaribiwe.

Ukinunua za dukani, ibonyeze pakiti. Njegere zitembee ndani yake moja moja. Zikiwa zimeshikana bonge, au theluji imejaa ndani ya mfuko, pakiti hiyo iliwahi kuyeyuka, mara nyingi kwenye duka linalozima friza usiku kubana gharama. Usiichukue hata ikiwa nusu bei. Iwe kitu cha mwisho kuingia kwenye kikapu, uifunge kwa magazeti, na uende nayo moja kwa moja nyumbani. Siku ya kupika usiiyeyushe. Imwage ikiwa imeganda kwenye mafuta au mchuzi wa moto, usiongeze maji, na upunguze muda wa mapishi, kwani ilishachovywa.

Na ipikwe. Baridi haiui bakteria, inawalaza. Kati ya mwaka 2015 na 2018 mahindi yaliyogandishwa kwenye kiwanda kimoja huko Hungaria yalisambaza bakteria wa listeria katika nchi 5 za Ulaya. Hadi Juni 2018 wagonjwa walikuwa 47 na waliofariki 9. Wengi hutia mahindi na njegere za pakiti kwenye saladi bila kuzipitisha motoni. Mjamzito, mzee au mgonjwa asipewe hivyo.

Kwenye friza za maduka yetu makubwa, pakiti nyingi za mboga zimetoka nje ya Afrika Mashariki, wakati karoti za Usambara na minji, yaani njegere, za Kinangop huko Kenya zinazidi soko la siku. Aprili 2019 China ilikubali kununua maparachichi ya Kenya, kwa sharti la kumenywa, kugandishwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri na kusafirishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa kuhofia inzi wa matunda. Soko lilikuwa wazi, lakini wauzaji wengi hawakuwa na mtambo wa kugandisha kwa kiwango hicho. Wakalitazama mpaka 2022, China iliporuhusu maparachichi mabichi. Makueni, Kenya, wamejenga kiwanda cha matunda cha Kalamba, kinachosaga maembe kuwa rojo. Hiyo ni hatua, lakini mtambo wa matunda una kazi ya msimu mfupi, na unahitaji njegere, karoti na mahindi mabichi ili usikae bure miezi iliyobaki.

Azimio la Malabo la Umoja wa Afrika la mwaka 2014 liliahidi kwamba nchi za Afrika zingepunguza kwa nusu upotevu wa mazao baada ya mavuno ifikapo 2025. Mwaka huo ulifika, na nyanya bado zinamwagwa. Sehemu kubwa ya fedha za kilimo inakwenda kwenye mbegu na mbolea, yaani kuongeza mavuno ambayo yakifika sokoni yote kwa pamoja yanamwangushia bei mkulima yule yule. Mtambo mdogo wa kugandisha unataka maji safi, boila ya mvuke, chumba cha baridi kali, umeme wa fezi tatu na jenereta la akiba. Unataka pia mnunuzi wa uhakika kabla ya tofali la kwanza, na mnunuzi huyo yupo: hoteli za Zanzibar zinazoletewa mboga kwa boti kila siku, hospitali, na shule za bweni ambazo wanafunzi wake hula maharage na kabichi muhula mzima, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu kwa siku. Mkataba wa mwaka mmoja na shule ishirini za mkoa, kwa tani zinazojulikana na bei inayojulikana, ungetosha kumshawishi mwenye benki kuliko semina kumi za wajasiriamali.